Mhariri, mimi sichezi ngoma, napiga drams

Ndugu Mhariri,

Salamu toka Chicago. Mimi ndo yule mtu wa Tanga mliyemwandika mwezi uliopita kwenye ile habari ya Watanzania wanaofanya muziki nje, ukurasa wa burudani, kichwa cha habari "Kijana wa Tanga acheza ngoma za bluzi Marekani". Kwanza nashukuru kwa kukumbukwa, na hilo la kijana nalipokea kwa mikono miwili maana nina miaka 46. Ila kuna mambo lazima niyaweke sawa, simu toka nyumbani zimezidi.

Shangazi yangu yuko Ngamiani, barabara ya 10. Kasomewa gazeti na mjukuu wake, jioni hiyohiyo kanipigia, hata sijamwamkia vizuri kaanza, "We baba, mtu mzima na mvi zako umeenda Marekani kucheza ngoma?" Nikamwambia shangazi shikamoo kwanza. Marahaba, na hiyo bluzi unaicheza na nani, mkeo ana habari?

Sasa Mhariri unaona mlichonifanyia. Kwetu ukimtajia bluzi mtu wa umri wangu anakumbuka disko, saa sita usiku dijei anapunguza taa anaweka wimbo wa taratibu, watu wanashikana viuno na wasio na wa kumshika wanarudi kwenye viti kunywa soda. Na hilo neno ngoma ndo usiseme, ngoma ni chombo, ngoma ni mchezo, ngoma ni unyago, siku hizi vijana kila wimbo mpya wanaita ngoma, halafu kuna ule ugonjwa nao tuliwahi kuuita hivohivo, kwa hiyo ukimwambia mtu "fulani huko aliko ana ngoma" shauri yako.

Mimi nakaa kwenye kiti, sichezi. Napiga drams kwenye bendi ya watu watano inayopiga bluzi, ile yenyewe, ya watu weusi waliotoka kusini kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi wakapanda treni kuja huku kutafuta kazi viwandani, kama alivyokuja mwimbaji Muddy Waters mwaka 1943, wakakuta mji una kelele gitaa kavu halisikiki wakachomeka umeme. Mzee wetu wa gitaa naye katokea hukohuko Mississippi, ana miaka 71. Wengine ni bess, kinanda, na jamaa mmoja wa hamonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, ambaye mchana ni fundi bomba. Mimi mchana naendesha folklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, ghalani. Hatuna lebo wala meneja, matangazo tunabandika wenyewe, na ile CD moja tuliyonayo tuliirekodi siku mbili kwa kuchangishana.

Na hapa nieleze kidogo kuhusu kazi yenyewe maana mwandishi wenu kasema nafanya "kwa kujifurahisha". Mwenye gitaa anapanda nalo basi. Mwenye hamonika anaitia mfukoni, nyie! Mimi nina kik (ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu), sneya (ile ndogo inayolia kwa ukali), tom mbili (ngoma za kujazia), haihati (visahani viwili vinavyopigana), simbali (sahani za shaba), stendi zake zote za chuma, kiti, zulia la kuzuia kik isitambae, yote hayo yanaingia kwenye gari kwa mpangilio mmoja tu, ukikosea kimoja mlango haufungi. Januari nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, baa iko chini ya ardhi, ngazi zina barafu, na vyuma vikiwa vimelala garini ukivishika bila glavu vinakuuma. Nafika wa kwanza naondoka wa mwisho. Wenzangu wakimaliza wanapokea pongezi na vinywaji, mimi nafungua nati. Kuna baa moja, siitaji, tulikubaliana dola 400, tumemaliza seti tatu mwenye baa anasema watu walikuwa wachache chukueni 250. Gawanya kwa watano, toa mafuta, toa maegesho. Kujifurahisha huko.

Lakini hilo sio lililonifanya niandike, hela ya muziki hata nyumbani tunaijua ilivyo. Kilichoniuma ni pale mlipoandika kwamba bluzi ni muziki mwepesi wa pole "usiohitaji ufundi mkubwa wa ngoma". Mhariri, mimi nimepiga kwenye bendi za harusi Tanga na Dar miaka tisa kabla ya kuja huku, nilikuja najiona najua. Mazoezi ya kwanza na yule mzee nilipiga vyote nilivyonavyo, kila kona nimejaza, tom zinaviringika, simbali inalia, nikasema leo watanijua Mswahili. Mzee akasimamisha wimbo. Hakusema kitu. Akaweka gitaa chini, akaja akazifungua tom zote mbili akazipeleka kwenye korido, akarudi akachukua simbali moja nayo akaipeleka, nimebaki na kik, sneya, haihati na simbali moja. Akakaa. "Haya piga."

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa. Kuna kitu kinaitwa shafo ambayo ndo roho ya bluzi ya Chicago. Chukua pigo moja, ligawe mara tatu, la kati limeze. Unabaki na la kwanza na la tatu, ndo ile mwendo wa mtu anayechechemea lakini ana haraka zake, na sneya inakaa pigo la pili na la nne la kila baa, yaani kila kipimo cha mapigo manne, mzunguko ni baa 12 halafu unarudi mwanzo (shangazi asije kusikia baa 12 tena akaniombea dua). Kwa maelezo ni rahisi, hata mtoto anaelewa. Sasa ishike hivohivo dakika saba bila kuongeza mwendo, bila kupamba, mtu wa hamonika anapaa anashuka anakuvuta uende naye na wewe huendi, na wakati huohuo isisikike kama mashine. Ile nafasi ya pigo ulilolimeza ndo kila mpigaji anaipima kivyake, ukiibana kidogo inakuwa kwata ya maaskari, ukiilegeza sana wimbo unakaa chini. Mzee wangu anaweza kujua nimechoka kazini kwa namna hiyo nafasi ilivyokaa tu.

Na sio mimi peke yangu iliyonishinda. Yuko mtu anaitwa Fred Below, kazaliwa hapahapa Chicago 1926, kasomea drams, katoka kwenye jazz. Alipoanza kupiga na vijana wa bluzi muziki ukamkataa, mtu na elimu yake. Baadae huyohuyo ndo akapiga na Little Walter wa hamonika, na Muddy Waters, na nusu ya wakubwa wa mji huu, tunaokaa nyuma ya drams leo wote tunakula kwenye sahani yake. Yeye ndo aliyepiga kwenye Johnny B. Goode, wimbo wa rock and roll wa Chuck Berry, 1958. Ule wimbo Wamarekani mwaka 1977 waliutia kwenye sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu wakaufunga kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager wakavirusha, kimoja kimeshatoka kabisa kwenye upepo wa jua letu tangu 2012, kinaenda tu. Kwa hiyo drams za Below zimefika kusikofikika, na ukisimama hapa mtaani ukauliza watu kumi Chuck Berry ni nani watakujibu wote, uliza Fred Below. Mimi nimeuliza. Ghalani kwetu hakuna hata mmoja.

Wapiga drams ndo tulivyo. Hata nyumbani angalia, bendi zetu kubwa zimejiita Msondo Ngoma, Sikinde Ngoma ya Ukae, majina ya ngoma kabisa, ila magazeti yakiandika ni mwimbaji, mtunzi, mcharaza solo, mpuliza domo la bata, halafu "na wengineo". Wengineo ndo sisi. Na kwenye ile picha yenu mimi ni sikio moja nyuma ya simbali.

Sasa nikubali kitu kimoja, maana nimelala nacho wiki nzima na sipendi kuwa mbishi tu. Yuko mpigaji mwingine wa hapa, Sam Lay, kafariki 2022, alikuwa na shafo yake ya kupiga mara mbilimbili ambayo watu wengi wameiiga na wachache wameipata. Sehemu ya ule mtindo aliutoa kwenye makofi ya kanisani kwao Birmingham, Alabama, alikokulia, makofi ya walokole. Niliposoma hivo nikakumbuka siku shafo ilipokubali kwangu. Tulikuwa mazoezini, nimekata tamaa, nikaacha kuhesabu, mkono wa kulia kwenye simbali ukaanza wenyewe kitu nilichokuwa nakisikia nikiwa mdogo uani kwa bibi, harusi, wanawake wamefunga leso viunoni, chakacha. Ngoma ya chapuo inasema, ya vumi inajibu. Nayo inagawa mara tatu! Sio shafo, sitaki wasomi waniandikie, ni kitu kingine na mwendo wake mwingine, ila mkono ulikuwa umeshazoea kuhesabu tatu kabla mimi sijazoea. Mzee akageuka akanitazama, akaendelea kupiga. Wiki iliyofuata nilikuta tom moja imerudishwa mahali pake.

Kwa hiyo hiyo "ngoma" yenu mliyoiandika kwa kutojua ina ka-ukweli kake, nimemwambia hivo na shangazi. Kasema si ndo nilikuuliza.

Naomba marekebisho mawili tu, nafasi yoyote mtakayopata hata chini ya matangazo ya viwanja. Moja, mpiga drams, sio mcheza ngoma. Mbili, nimeambatanisha picha nyingine, aliipiga mke wangu (ambaye ana habari) tulipopiga kwenye uwanja wa kanisa mwezi wa sita. Mwenye kofia nyekundu nyuma kabisa ni mimi, naomba msiikate upande huo.

Wenu,
Mpiga drams, Chicago