Imhotep hakuwa mfu wa kutisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila mwaka ninapofundisha historia ya Misri ya kale. Nikitaja tu jina la Imhotep, darasa huchangamka, na mwanafunzi mmoja huuliza kama ndiye yule mfu aliyefufuka akawa anafyonza uhai wa watu. Wamemjua kupitia filamu ya Marekani ya The Mummy, iliyoongozwa na Stephen Sommers mwaka 1999, ambayo hadi leo inaoneshwa kwenye vibanda umiza ikiwa imewekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili.

Sikatai kwamba filamu ile ina ustadi. Dhoruba ya mchanga inayojitokeza kama uso wa mtu, na ule mwili mkavu unaorudishiwa nyama kidogo kidogo kwa kila anayeuawa, ni mambo ambayo hata mimi niliyatazama bila kupepesa macho. Kinachoniuma ni jina walilolichagua kulibebesha uovu huo, jina ambalo tayari lilikuwa limepewa mfu afufukaye katika filamu ya mwaka 1932 aliyoigiza Boris Karloff.

Imhotep wa kweli aliishi katika karne ya 27 kabla ya Kristo, akimtumikia Farao Djoser, na ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa piramidi ya ngazi iliyoko Saqqara, yenye ngazi sita na kimo cha mita zipatazo 60, iliyojengwa kwa mawe wakati ambapo makaburi ya wafalme yalikuwa bado yakijengwa kwa matofali ya udongo. Waliomfuata walimkumbuka kwa hekima yake, na baada ya karne nyingi wakamwabudu kama mungu wa tiba, kiasi kwamba Wagiriki walipofika Misri walimfananisha na Asclepius, mungu wao wa uganga. Mtu ambaye wagonjwa walimwomba uponyaji ndiye anayeoneshwa akimuua Farao Seti wa Kwanza, mfalme aliyetawala zaidi ya miaka 1,300 baada yake, kisha akifufuka na kuleta mapigo juu ya nchi nzima.

Hata mbawakawa wanaotafuna watu katika filamu hiyo wamesingiziwa, kwa kuwa kwa Wamisri mdudu huyo, ambaye huviringisha mavi tu, alikuwa alama ya jua linalochomoza na ya uhai mpya.

Sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Neno letu mumiani, lenye asili moja na neno mumia, yaani maiti iliyokaushwa isioze, lilikuwa jina la dawa nyeusi inayofanana na lami, lakini enzi za ukoloni likageuka kuwa jina la watu waliodhaniwa kunyonya damu, na wazazi wetu wengi walikua wakiliogopa.

Siombi filamu hiyo ipigwe marufuku. Ombi langu nalielekeza kwa wasimulizi wetu, ambao wana uwezo ambao waongozaji wa Marekani hawana. Wao hawatafsiri neno kwa neno, bali huongeza utani, maelezo na mafumbo yao, na watazamaji huwasikiliza kwa makini kuliko wanavyonisikiliza mimi darasani. Filamu yenyewe huanza kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mji wa Thebes, kabla mapigano hayajaanza, na hapo ndipo penye nafasi ya sentensi mbili za kusema kwamba Imhotep wa kweli alikuwa mjenzi, na kwamba watu walimwendea walipougua. Nawe Mhariri, ukurasa wako wa burudani utakapoitaja tena filamu hii, nakuomba sentensi hizo mbili uzichapishe.

Mwalimu wa historia,
Morogoro