Mkongojo wa Bata Bahili

Rafiki yangu Salehe,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na wote nyumbani. Nasi huku hatujambo.

Uliniuliza ni kwa nini mtu wa umri wangu bado anaurudia mchezo wa video wa DuckTales, ambao kampuni ya Capcom ya Japani iliutengenezea mashine ya michezo ya Nintendo mwaka 1989. Jibu langu ni mkongojo. Katuni yenyewe ulikotoka mchezo huu, ile iliyoanza kuoneshwa Marekani mwaka 1987, unaijua, kwa hiyo sina haja ya kukueleza habari za Scrooge McDuck, yule bata mzee tajiri, na ubahili wake. Baadhi ya Wajapani waliouunda mchezo huu walikuwa wameshiriki kuunda mchezo wa Mega Man, ambao shujaa wake ni roboti mwenye mkono wa bunduki, lakini huyu mzee hawakumpa silaha yoyote ila kile ambacho mzee hatembei bila ya kuwa nacho. Ukiruka, kisha ukabonyeza chini pamoja na kitufe cha B, bata huudundia mkongojo wake kama mpira: hupita juu ya miiba bila kuchomwa, huwaponda maadui vichwani na kuvunja masanduku, na akiwa ametulia ardhini huuzungusha na kurusha mawe kwa mtindo wa wacheza gofu. Hayo yote hufanywa kwa vidole viwili tu, na bado sijayachoka.

Hatua ni tano, nawe unachagua uanzie wapi: Amazon, Transylvania, migodi ya Afrika, Himalaya au mwezini. Hapo nina kinyongo kidogo, kwa sababu wenzetu wamepewa mto, jimbo na safu ya milima inayojulikana, ilhali sisi tumepewa bara zima na shimo moja, tena lililofungwa, ambalo ufunguo wake sharti uufuate Transylvania! Hata hivyo, mchezo unamjua vyema mhusika wake, kwani almasi nyingi hazionekani mpaka upite mahali fulani hewani, na matokeo yake mchezaji naye huingiwa na tamaa, akawa anadunda kila pembe kama bahili anayepapasa mifuko ya koti kuukuu.

Ukifika mwezini, usiharakishe. Muziki wa hatua ile, uliotungwa na Hiroshige Tonomura, una huzuni ambayo hukuitarajia katika mchezo wa bata, nami mara nyingi humsimamisha mzee mahali pasipo adui ili niusikilize hadi urudie mwanzo.

Toleo lililofanywa upya na kampuni ya WayForward mwaka 2013 nimelicheza pia. Picha zake zinapendeza, na nilifurahi kumsikia Alan Young, aliyekuwa sauti ya Scrooge katika katuni, akirudi kazini akiwa amepita miaka tisini; ila mazungumzo yanakatiza safari mara kwa mara, nami nilitaka kudunda, si kuhadithiwa. Ndiyo maana nimerudi kwenye lile la zamani.

Ukija sikukuu ijayo, hatua ya Himalaya nitakuachia wewe. Theluji ya kule huunasa mkongojo, nami hadi leo hukwama palepale, nikimtazama adui akinijia.

Nisalimie watoto.

Wako,
Hamadi