Nyar Kisumo, nisaidie na hii "so"

Nyar Kisumo,

Habari ya huko, mama ameamkaje? Huku tuko salama, mvua imekataa kuisha na barabara yetu ya Lanet ni matope tu. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, nisamehe, leo naandika kwa sababu nimekwama na wewe ndiye mwalimu wa Kizungu ninayemwamini.

Si unajua mimi ndio huandika minitsi za chama, na Mama Chebet alisema ziwe kwa Kizungu. Sasa kikao cha mwezi uliopita mwenyekiti akamuuliza mweka hazina kama pesa ya ploti imefika benki. Mzee akajibu, "I hope so." Kalamu yangu ilikuwa inakimbia, nikaandika "The treasurer said so." Nikaendelea na mambo ya chai na kukodisha viti.

Jumapili iliyopita nikazisoma mbele ya watu. Nilipofika hapo mzee akasimama polepole, akaomba kitabu, akaweka kidole chini ya ile laini na kuisoma mara mbili bila sauti, midomo tu ndiyo inatembea. Halafu akaniangalia akauliza, "Who said so?" Maana siku ile ya kikao pesa haikuwa imefika, namba moja ya akaunti ilikuwa imekosewa, ikaja kuingia siku nne baadaye. Sasa watu wakaanza kunong'ona, kumbe alituambia imefika na haijafika. Na yeye hakusema hivyo! Yeye alitumaini tu, mimi ndio nilimsemea.

Tangu hiyo siku nimekaa na hiyo neno kichwani. Kumbe "so" inameza sentensi yote iliyotangulia. Ukiandika "he said so" umemaanisha huyo mtu ametoa hiyo habari kwa mdomo wake na anaisimamia. Ilitakiwa niandike "The treasurer said he hoped so." "I" inageuka "he", "hope" inarudi nyuma inakuwa "hoped", lakini "so" inakaa palepale, si kama "tomorrow" inayogeuka "the next day" ama "here" inayokuwa "there". Naona ndio maana niliipita mbio, macho yangu yalikuwa kwa yale yanayobadilika.

Na sisi kwa lugha yetu mtu akiniuliza kama pesa imefika nasema "natumaini imefika", narudia kitenzi na mambo yameisha. Nikiwa na shaka na maneno ya mtu naweka "ati", ati pesa imefika, na kila mtu ameelewa kwamba mimi sijaiona. Hiyo "so" haina shaka ndani yake wala haina uhakika, yote iko kwa kitenzi kilicho mbele yake, said, hoped, thought. Ukikosea hicho kitenzi, "so" inabeba uongo kimya kimya.

Halafu kukataa nako. Naibu mwenyekiti aliulizwa kama mwenye ploti atatutoza faini ya kuchelewa, akasema "I don't hope so", nikaandika vilevile. Usiku ndio nikakumbuka ile siku tuko Dunga tunangoja samaki, ukaniambia ni "I hope not", lakini kwa think watu husema "I don't think so". "Doubt" inataka "it", yaani "I doubt it". Na "tell" lazima mtu akae hapo katikati, "he told me so". Nimeziandika nyuma ya kitabu cha minitsi nisisahau tena.

Lakini mzee, Nyar Kisumo. Hajanitukana hata kidogo, angalau angenifokea. Alikunja miwani akaketi, na wakati wa chai alienda akasimama karibu na mlango peke yake, kikombe mkononi, hakunywa. Huyo mzee ameweka pesa zetu miaka yote hiyo na hakuna siku shilingi imepotea. Jumapili hii nataka nisimame nisahihishe mbele ya walewale waliosikia. Ile ya "said he hoped so" ni sawa, ila naogopa mtu akiisoma haraka asione tena tofauti, kwa hivyo nafikiria kuiandika yote bila "so", "The treasurer said he hoped the money had reached the bank."

Wewe ungeweka gani, ile fupi ama hii ndefu? Katibu wa vijana ananiambia ningeandika "said it", mimi naona hiyo ni ya mtu kutamka maneno yenyewe, ama nimekosea? Na "she said not" mtu anaweza kuandika kweli ama ni ya vitabu tu? Watoto wako wa form two mnawafundisha haya ama wanaokota wenyewe? Na jicho la mama, bandeji wametoa? Disemba utashuka hapa Nakuru ulale hata siku moja, ama utapita tena na gari ya usiku?

Nijibu kabla ya Jumapili tafadhali, hata kama ni mistari miwili.

Wako wa Lanet