Treni ya Krismasi isikilizwe, isitazamwe tu

Mhariri,

Nimesoma ule ukurasa wenu wa sinema za Krismasi, The Polar Express, ile ya dogo anayepanda treni usiku kwenda kwa Santa, mwandishi wenu kaimaliza kwa mistari miwili, eti wahusika wana macho ya maiti, basi, kahamia nyingine. Macho sibishi. Mwanangu wa miaka sita alipomwona yule dogo wa kwenye sinema kwa karibu aliniuliza "baba, huyu mtu au mdoli?" nikabaki nakuna kichwa. Ilikuwa 2004, mwongozaji Robert Zemeckis aliwavalisha waigizaji manguo yenye vidoti ili kompyuta inase wanavyotembea, Tom Hanks kacheza kondakta, kacheza baba mtu, kacheza yule mzururaji wa juu ya paa la treni mpaka Santa mwenyewe, miili ikanaswa fresh ila macho yakatoka kama ya samaki wa kwenye friza.

Sasa mimi nauliza, sauti alisikiliza? Maana kitabu chenyewe sinema ilikotoka, cha Chris Van Allsburg cha 1985, kina kurasa 32 tu na mwisho wake wote uko sikioni, mtoto anapewa kengele ya kwenye mikanda ya wale kulungu wa Santa, akifika home anaitikisa, yeye na dada yake wanasikia, wazazi wanasema aah hii mbovu, maana anayemwamini Santa tu ndo anaisikia. Hapo ndo stori ilipo. Zemeckis alikuwa na dakika 100 za kujaza ndo maana kaongeza tiketi kupotea, treni kuserereka kwenye ziwa la barafu na vurugu za kule kiwandani kwa Santa ambapo mimi huwa naenda zangu kuchemsha chai.

Lakini ule muungurumo wa treni hawakuutengeneza kwenye kompyuta, walirekodi injini ya mvuke ya kweli, Pere Marquette 1225 ya kule Michigan, iliundwa 1941 na hata umbo la treni ya kwenye sinema limetoka kwenye michoro yake. Halafu icheki hiyo namba, Wamarekani wanaanza mwezi ndo tarehe ifuate, 12/25, Krismasi kabisa! Na wala hawakupanga, ilikuwa zamu yake tu kwenye namba za kampuni ya reli.

Au labda mwandishi wenu kaangalia ile kopi ya vibandani iliyotafsiriwa na DJ? Kama ni hiyo namsamehe, DJ anaongea toka mwanzo mpaka mwisho, kengele utaisikia saa ngapi.

Babu yake huyu mwanangu ni mstaafu wa reli, alianza kazi bado injini za mvuke zipo, na katuni huwa hataki hata kuzisikia. Krismasi iliyopita tumeiweka sebuleni sauti juu, honi ilivyolia tu mzee huyo katoka chumbani na msuli wake, "injini gani hiyo?" Nikamwambia baba ni sinema ya watoto. Akavuta kiti, akakaa mpaka ikaisha. Mambo ya macho ya maiti hayakumhusu, muda wote ya kwake alikuwa kayafumba.

Msomaji wenu,
Tabora