Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa kompyuta,

Mwaka huu tumefanya vikao 4 vya kamati na mafunzo 2, tukapokea wanachama wapya 7, na sasa tuko 61. Hayo mnayajua.

Nije kwenye agizo la pamoja la RAM, yaani vijiti vya memori ya kompyuta, maana ndilo linalosemwa pembeni. Ni kweli nililisitisha mimi, na arubuni yetu haikurudi. Lakini wanaonilaumu hawakuwapo usiku wa majaribio. Tulikuwa mhazini na mimi. Tulichomeka vijiti 4 vya DDR5, yaani kizazi cha tano cha memori ya DDR, skrini ikabaki nyeusi dakika kadhaa. Hatukushtuka, kwani bodi kuu za kompyuta zinazotumia DDR5 huipima memori kwanza kabla ya kuonyesha chochote. Ikawaka. Saa ya tatu ya kipimo, mistari myekundu ya makosa ikaanza kumiminika. Tukatoa vijiti 2, tukaanza upya, na hadi alfajiri halikuonekana kosa hata moja.

Muuzaji alishikilia kwamba DDR5 ni DDR5 tu, yoyote itafaa. Si hivyo. AMD, watengenezaji wa prosesa, wenyewe wameandika kwamba prosesa yao ya Ryzen 7000 yenye vijiti 2 hufika kasi ya memori ya 5200 MT/s (mamilioni ya uhamisho wa data kwa sekunde), na ikijazwa 4 hushuka hadi 3600. Na vijiti vile havikuwamo hata kwenye orodha ya memori zinazokubaliwa na waliotengeneza bodi. Hata Intel, watengenezaji wakubwa wa chipu, mwaka 2000 walilazimika kubadilisha bodi karibu milioni moja za chipseti (chipu zinazoiongoza bodi) ya 820, kwa sababu kipande cha kuiunganisha na memori ya aina ya SDRAM kilifanya kompyuta kuganda na kujizima na kujiwasha zenyewe. Intel waliweza kubeba hasara ile. Sisi tungeibebaje? Mashine yenye memori isiyopatana na bodi humrudia fundi mara tatu: anaweka Windows upya, anabadilisha pawa saplai, mwishowe anarudisha fedha na mteja haonekani tena. Nimeliokoa jina la chama, na nasimama na uamuzi ule.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Mafunzo ya memori niliyaandaa mwenyewe kwa wiki mbili. Walikuja 9, na wanaolalamika leo hawakuwamo. Waliolipa ada ni 23. Kwa mfuko huo, meza ya majaribio niliyoipendekeza haikununuliwa.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuipata, na agizo la pamoja litafufuliwa hali ikiruhusu. Daftari la ada liko kwa mhazini, meza ya mlangoni, na litakuwa wazi hadi mkutano uishe.

Mwenyekiti