Andikeni chini ya picha: nani aliipiga, na lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaoandaa vitabu vya historia vya shule zetu. Nafundisha Historia sekondari hapa Tabora, na jambo ninalolileta aliliona mwanafunzi wangu kabla yangu.

Tulikuwa kwenye mada ya biashara ya utumwa, vitabu vitano kwa wanafunzi zaidi ya arobaini. Ukurasani kuna picha ya wanaume kumi hivi wamepangwa mstari, mnyororo mmoja umepita shingoni mwa wote. Chini yake maneno matatu tu: "Watumwa wakipelekwa pwani." Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona huyu anayewalinda amevaa kaki?"

Nikakisogeza kitabu dirishani. Kweli. Pembeni amesimama askari: shati la vifungo, mkanda kiunoni, miguu imeviringishwa vitambaa hadi chini ya goti, kofia yenye kitambaa kinachoning'inia kisogoni, bunduki begani. Nimefundisha kwa kitabu kile miaka sita bila kumwona.

Askari wa sare ile hakuwapo zama za misafara. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Jeshi la askari weusi wa Kijerumani lilianza 1889, ofisa wa Kijerumani Wissmann alipoletwa kupambana na Abushiri, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani. Wale wanaume wa mnyororo ni wafungwa wa Mjerumani. Kufungwa mnyororo ilikuwa adhabu ya kawaida chini ya utawala wake. Maneno matatu yamembebesha Mwarabu mnyororo usio wake, na papo hapo yamemtoa Mjerumani ukurasani. Tena Mjerumani huyo hakuufuta utumwa katika koloni lake. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922, wakati wa Waingereza.

Sisemi Waarabu hawakuuza watu. Waliuza, na mji huu ulikuwa kituo chao kikubwa. Walikuwapo pia Waafrika waliouza wenzao, matajiri wa Kihindi wa Unguja waliokopesha mitaji ya misafara, na Wafaransa walionunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba yao ya visiwani. Katika vitabu nilivyofundishia, mwenye sura ni mmoja tu: mtu wa kanzu na kilemba.

Ukurasa wa pili kuna mchoro wake. Ameinua shoka juu ya mtumwa aliyeishiwa nguvu, nyuma yake msafara wenye miti ya panda shingoni. Michoro ya namna hii ilipamba vitabu vya wasafiri wa Kizungu, zikiwamo shajara za mwisho za Livingstone zilizochapwa London mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Livingstone aliyaona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, ya Julai 1871 na akayaandika. Aliyeyachora hakuwapo. Alikuwa Uingereza, anasoma na kukisia, akiwachorea watu waliokuwa wakihimizwa kuipinga biashara ile. Mchoro kama huo ni ushahidi, tena mzuri, lakini unashuhudia mambo mawili: yaliyotokea, na jinsi Mwingereza alivyotaka kuyaona. Mtoto wa kidato cha pili ana akili ya kuyatenganisha, mradi aambiwe.

Katika darasa lile yupo kijana ambaye ukoo wake ulitoka Omani. Mababu zake wamezikwa hapa hapa Tabora. Tulipofika kwenye shoka lile vichwa viligeuka kumtazama. Aliinama, akawa anachorachora pembeni mwa daftari mpaka kengele ikalia. Sikujua la kusema siku ile, na bado linaniuma. Ndugu zetu wa Visiwani wanajua kuliko sisi kumbukumbu ya utumwa ilivyotumika katika siasa za kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964.

Kuna picha nyingine, ya wapagazi na pembe za ndovu begani. Wanafunzi wangu huandika "watumwa" bila kusita, wakati Wanyamwezi walishuka Bagamoyo kwa maelfu wakilipwa ujira wa nguo na shanga. Bibi yangu alikufa akijivunia kwamba babu yake alikwenda pwani na kurudi. Leo vitukuu wa wapagazi wanawatazama wazee wao na kuona mateka.

Na zile pembe zilikwenda wapi? Neno merikani bado liko midomoni mwetu: ni kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, Marekani, kililetwa Unguja na merikebu za bandari ya Salem ya huko huko, na pembe zikavuka bahari kwenda kutengenezewa vibao vya piano Connecticut. Piano sijaiona katika kitabu chochote cha mada hii. Iwekwe, karibu na yule mwenye kilemba.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Chini ya kila picha ya historia iandikwe nani aliipiga au kuichora, mwaka gani, wapi, na kwa ajili ya nani. Pasipojulikana, iandikwe kwamba hapajulikani. Na maelezo yakigundulika kuwa na kosa katikati ya mwaka, shule ziletewe waraka wa masahihisho bila kusubiri toleo jipya.

Sisi tumeshaanza. Yule binti ameandika kwa mkono wake vikaratasi vitano, tukavibandika kwa gundi juu ya yale maneno matatu: "Wafungwa wa serikali ya Kijerumani. Mpiga picha na mwaka hatujavipata." Nakala za kitabu hiki ziko pia katika shule nyingine, na huko bado ni watumwa wakipelekwa pwani.

Mwalimu wa Historia,
Tabora