Zuhura mwanangu, kamera uliyonayo inatosha

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu sana na wadogo zako wanauliza kila siku utarudi lini. Picha ulizopiga za rangi ya kopo ikirushwa juu na sauti ya spika zimefika. Nimezifungua kwenye skrini kubwa ya studio nikazitazama moja moja, na zimenifurahisha kuliko unavyodhani. Sasa tuzungumze kuhusu hiyo kamera mpya unayoiomba.

Unasema rangi inatoka na ukungu kwa sababu shata ya kamera yako, ule mlango unaofunguka kuingiza mwanga, ni ya polepole. Hebu tupige hesabu. Tone linaloruka sentimita 20 juu ya spika huanza safari kwa mwendo wa mita 2 hivi kwa sekunde. Ukifungua shata kwa 1/250 ya sekunde, tone limeshasogea milimita 8, kwa hiyo unachopata ni mstari. Kamera ya bei mbaya itakufikisha 1/8000, tone lisogee robo milimita tu, lakini kwa kasi hiyo itakudai mwanga ambao taa zako zote haziwezi kuutoa.

Chukua flashi ndogo ya kuchomeka juu ya kamera, uishushe hadi 1/128 ya nguvu yake yote. Mwako wa nyingi za aina hiyo hapo hudumu 1/20,000 ya sekunde au chini yake, na kwa muda huo tone lako linasogea sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo zima taa, ziba madirisha kwa kanga nene au blanketi, fungua shata sekunde nzima, kisha washa flashi mara moja. Kamera gizani haioni kitu. Inachoandika ni ule mwako peke yake. Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na ile picha yake ya taji la tone la maziwa, ya mwaka 1957, ilisimamishwa na taa. Mwanga ukipungua usipandishe nguvu ya flashi, maana ukipandisha mwako unarefuka na ukungu unarudi. Isogeze karibu, au ongeza flashi ya pili upande wa pili. Na zile taa kubwa za studio usiziazime kwa marafiki zako: nyingi za zamani, ukizipunguza nguvu, mwako wake ndiyo kwanza unazidi urefu.

Upande wa sauti umeanza vizuri, ila umepiga muziki mzima. Kwa jaribio, piga mlio mmoja wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, mfupi, wa chini ya nusu sekunde. Mpira uliouwamba juu ya spika ukipanda milimita 1 tu na kushuka milimita 1 kutoka pale ulipotulia kwa mlio huo, unasukumwa kwa nguvu ya karibu mara 10 ya mvutano wa dunia, ndiyo maana rangi inabanduka. Hata hivyo kwa milimita 1 itaruka nusu sentimita tu. Ukitaka ifike zile sentimita 20, mpira unahitaji kucheza milimita 6 hivi kila upande, na hiyo ni kazi ya subwufa, spika kubwa ya besi. Ukipandisha hadi hezi 400 koni, ile sehemu ya spika inayotetema, haisogei kiasi cha kuonekana, na rangi inakunjamana tu juu. Usiidharau mikunjo hiyo. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliieleza mwaka 1831 kwamba kila mkunjo hupanda na kushuka mara moja kwa mitetemo miwili ya chombo, na wewe, ukishusha mlio hadi hezi 50 hivi kwa sauti ndogo, unaweza kulithibitisha hilo kwa simu yenye video ya mwendo wa polepole.

Kwa nini mlio uwe mfupi? Kwa sababu ya rangi. Weka matone ya nyekundu, njano na buluu yakigusana bila kuyakoroga. Mruko wa kwanza unanyanyua kila rangi na uzi wake, na pale zinapopishana unaona mpaka safi kabisa. Baada ya mitetemo michache zimeshachanganyika, unabaki na tope la kahawia. Futa, weka upya. Kazi hii sehemu kubwa ni kufuta.

Sasa ile picha yako yenye nyuzi za njano. Ikuze uitazame: uzi mwembamba wa kushoto umekatika ukawa shanga za ukubwa karibu sawa, na ule mnene wa kulia bado mzima. Kuna Mbelgiji aliyeitwa Joseph Plateau aliyepima jambo hilo. Akagundua kwamba nguzo ya kimiminika ikizidi urefu wa mzingo wake, yaani mara 3.14 ya kipenyo, haitulii tena. Mvutano wa uso wa kimiminika unaibana hadi inakatika. Kitabu chake kilitoka 1873, na wakati huo alikuwa kipofu kwa miaka mingi. Wengine walimtazamia, yeye akafikiri. Mimi kila nikilikumbuka hilo huwa napata nguvu. Chukua rula, pima nyuzi zako. Utakuta nyingine zimepita kipimo hicho na bado hazijakatika, kwa kuwa rangi nzito huchelewesha. Ongeza maji kidogo kidogo, piga tena, linganisha. Hapo una mradi wa kumwonyesha mwalimu.

Jambo moja sikubaliani nalo ni maneno uliyoandika chini ya picha, kwamba hiyo ndiyo sura ya sauti. Martin Klimas wa Ujerumani amepiga picha za namna hii nzuri ajabu, rangi ikirushwa na muziki, na watu husema hayohayo juu yake. Lakini mlio uleule, ukiwekewa rangi nyepesi badala ya nzito, utatoa sura nyingine kabisa. Picha inaonyesha rangi hiyo, kwenye mpira huo, siku hiyo. Kwa hiyo andika chini yake hezi ngapi, maji kiasi gani kwa rangi kiasi gani, flashi nguvu gani. Mtu mwingine aweze kuirudia.

Funika spika kwa nailoni, na lenzi iwekee filta ya kioo, rangi ikikauka kwenye lenzi haitoki. Na masikio yako uyazibe, besi ya chumba kidogo inachosha.

Flashi ya pili na waya wake nimempa kondakta wa basi la Ijumaa, mzigo una jina lako. Kachukue mapema stendi. Rangi nyeupe usinunue, nimekuwekea humo nusu kopo.

Baba yako